UPS inalia, NAS haisikii

*«Assalamu alaikum. Nipo Chake Chake, napiga picha na video za harusi. Mafaili yangu yote yamo kwenye NAS, kile kiboksi cha kuhifadhi mafaili kwenye mtandao wa nyumbani, cha diski mbili, kila moja TB (terabaiti) 4, zimewekwa zinakiliane. Umeme ulikuwa ukikatika kila mara, nikanunua UPS, kile kifaa chenye betri kinachoshika umeme ukikatika, ya VA 650, nikaichomekea NAS, kompyuta ya mezani na skrini yake. Juzi usiku umeme ukakatika, wa nyumbani wanasema UPS ililia kama dakika 10, halafu vyote vikazima. Asubuhi NAS ikawaka na ujumbe kwamba haikuzimwa sawasawa, ikakagua diski kwa muda wa saa 9. Muuzaji anasema UPS yangu ndogo, ninunue ya VA 2000. Kaka yangu anasema niachane na UPS, nichomeke kwenye inveta ya sola tuliyonayo nyumbani. Nyuma ya UPS kuna tundu la mraba, sijui la nini, na boksi lilikuja na waya ambao sijawahi kuutumia. Nifanye nini? Na je, nimepoteza picha za watu?»*

Waalaikumu salamu, ndugu yangu.

Nianze na swali lako la mwisho, maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Kwa dalili ulizozieleza, picha za watu zipo. Zile saa 9 hazikuwa za kuharibika kitu. NAS ilikuwa inajikagua. Diski mbili zinaponakiliana, kila kinachoandikwa kwenye moja kinaandikwa na kwenye nyengine. Umeme ukikatika ghafla kazi ikiwa katikati, diski moja inaweza kuwa imeshaandika na ya pili bado. Mashine ikiwaka tena haijui ni wapi hasa zimepishana, kwa hiyo inazisoma zote mbili toka mwanzo hadi mwisho na kuzilinganisha. Diski ya TB 4 ikisomwa kwa kasi ya megabaiti 150 kwa sekunde, kasi ya kawaida kwa diski za kuzunguka, inachukua zaidi ya saa 7 kufika mwisho. Na kama NAS inatumika wakati huohuo, muda unarefuka. Saa 9 ni hesabu inayoeleweka kabisa.

Faili ya kuihofia ni ile iliyokuwa ikiandikwa dakika ileile umeme ulipokwisha. Fungua kazi uliyoihamisha siku ile, tazama picha za mwishomwisho moja moja, na video zipeleke hadi sekunde ya mwisho. Zikifunguka, mshukuru Mungu. Zisipofunguka, na kadi ya kamera bado unayo, usiipigie picha nyengine hata moja. Hata kadi uliyokwisha kuifuta mara nyingi picha zake hurudishika kwa programu za kuokoa mafaili, mradi hujaandika kitu kipya juu yake.

Sasa tuje kwenye UPS. Muuzaji anasema ni ndogo, kaka anasema haina haja. Kwa maoni yangu wote wawili wamelipita jambo lenyewe. UPS yako ilishika umeme dakika 10. NAS ya nyumbani ikiamriwa kujizima, kwa kawaida inamaliza ndani ya dakika chache tu. Muda ulikuwepo na ukabaki. Kilichokosekana ni habari. Hakuna aliyeiambia NAS kwamba umeme wa ukutani umekwenda, kwa hiyo ikaendelea na shughuli zake mpaka betri ilipokauka, na kwake yeye huo ulikuwa mkatiko wa ghafla kama mwengine wowote, umechelewa dakika 10 tu. Ule mlio ni wa masikio ya binadamu, na wewe ulikuwa umelala.

Lile tundu la mraba ndilo mdomo wa UPS. Ni mlango wa USB, wa umbo lilelile unaloliona nyuma ya printa. Waya uliokuja kwenye boksi una kichwa cha mraba upande mmoja na kichwa bapa upande wa pili: mraba ingia kwenye UPS, bapa ingia kwenye NAS. Wengi hudhani waya huo ni wa kupitisha umeme, na kwa kuwa NAS ina adapta yake wanaona hauna kazi, unabaki ndani ya mfuko wake wa nailoni mpaka unapotea. Umeme wa kuiendesha NAS unaendelea kupita kwenye adapta kama zamani. Huu unapitisha maneno tu. Kila baada ya sekunde chache UPS inaeleza hali yake: niko kwenye umeme wa ukutani, au niko kwenye betri, betri imebaki asilimia fulani, kwa mzigo huu nitafika dakika fulani. NAS inasikiliza, na wewe unaipangia mapema la kufanya itakapoambiwa neno «betri».

Inafaa ujue kwa nini kuzima vibaya ni jambo kubwa kwa mashine hii kuliko kwa taa au televisheni. Unapohamisha picha kutoka kompyuta, hazifiki kwenye diski papo hapo. Zinapokewa kwanza na kumbukumbu ya muda, ile ambayo hufutika umeme ukiondoka, kisha zinaandikwa kwenye diski kwa mafungu. Kompyuta inaweza kukwambia imemaliza kunakili hali fungu la mwisho bado halijatua. Pamoja na picha zenyewe kuna daftari la mfumo linaloonesha kila faili iko wapi, nalo linasahihishwa muda wote. Mifumo ya siku hizi imetengenezwa kustahimili mkatiko mmoja mmoja. Huandika kwanza inachokusudia kufanya, ndipo ikakifanya. Ndiyo maana mara nyingi NAS inainuka salama. Lakini mikatiko ikizidi, siku moja itaangukia pabaya, na daftari likichanika hata picha zilizokaa salama miaka miwili zinaweza zisionekane. Diski zenyewe nazo zinaumia: zikizimwa kwa utaratibu kichwa cha kusomea kinaegeshwa taratibu, zikikatiwa kinarudishwa kwa haraka ya dharura, na dharura hizo zina idadi yake ambayo diski imetengenezwa kuihimili.

Turudi kwenye zile dakika 10, maana zina somo lake. UPS nyingi za VA 650 zina betri moja ya volti 12 na saa-ampea 7, kipimo cha umeme ambao betri inauhifadhi. Zidisha, upate wati-saa 84. Hizo ni za kwenye karatasi. Ukitoa kinachopotea njiani, na ukikumbuka kwamba betri ya aina hii inatoa pungufu kadiri unavyoivuta kwa nguvu, utapata nusu yake au zaidi kidogo. NAS ya diski mbili inakula kama wati 20 hadi 25. Kompyuta yako ya mezani na skrini, ukiwa unahariri video, zinakula wati 150 au 200. Kwa maneno mengine, zile dakika 10 zililiwa karibu zote na kompyuta. Ukiiacha NAS na ruta peke yake, UPS hiyohiyo, betri ikiwa nzima, inaweza kukaribia saa nzima.

Ndiyo sababu sikushauri utoe pesa ya VA 2000. VA inakwambia mzigo ambao UPS inaweza kuubeba kwa wakati mmoja. Haikwambii itaubeba kwa muda gani. Yako ya VA 650 huwa na uwezo wa wati 360 hivi au zaidi kidogo, na mzigo unaoutaka kuulinda haufiki wati 40. Muda unatoka kwenye betri. Uliza betri ni ngapi na za saa-ampea ngapi, na muuzaji asiyeweza kukujibu hilo anauza boksi. Tena hata ungeinunua hiyo kubwa, bila ule waya ingekupa dakika 40 za kulia badala ya 10, na mwisho ungekuwa uleule.

Kazi ya kufanya ni hii. Zima NAS kwa utaratibu, uhamishe kompyuta na skrini kutoka kwenye UPS. Tazama nyuma ya UPS yako: nyingi zina matundu ya makundi mawili, moja linalotoa umeme wa betri na moja linalokinga tu na mshtuko wa umeme, na maandishi yake ni madogo. NAS lazima iwe kwenye kundi la betri. Ruta nayo iweke hapo, na kile kiboksi cha faiba kama unacho. Usichomeke pasi, feni wala printa ya leza. Printa ya leza inapopasha moto inavuta umeme kwa mkupuo ambao UPS ndogo inaweza kushindwa nao na kuangusha vyote. Na usiweke ekstensheni yenye kinga ya mshtuko kati ya UPS na NAS, iwe adapta moja kwa moja kwenye UPS.

Ukishaunganisha ule waya, iwashe NAS, ingia kwenye ukurasa wake wa mipangilio. Kwenye Synology utakuta habari za UPS ndani ya paneli ya udhibiti, sehemu ya vifaa na umeme. Kwenye QNAP iko kwenye vifaa vya nje. Wengine wana majina yao lakini kitu ni kilekile. Iruhusu itumie UPS ya USB, hifadhi, kisha utazame kama modeli ya UPS na asilimia ya betri vinajitokeza. Vikitokea, wameshaanza kuzungumza. Visipotokea, jaribu mlango mwengine wa USB kabla ya kulaumu kitu. Zipo UPS za bei ya chini ambazo zinazungumza lugha ambayo NAS haiielewi, na zipo zenye mlango bapa wa USB ambao ni wa kuchajia simu tu. Watengenezaji wa NAS wanaweka kwenye tovuti zao orodha ya UPS wanazozikubali, itazame kabla ya kununua chochote. Baadhi ya UPS zina mlango unaofanana na wa kebo ya mtandao badala ya ule wa mraba. Huo unataka waya wake maalumu uliokuja nao. Usichomeke hapo kebo ya kawaida ya mtandao kwa sababu tu imeingia.

Baada ya hapo utaulizwa: umeme ukikatika, NAS isubiri muda gani kabla ya kujifunga? Hapa ndipo ninapotofautiana na wengi. Kuna chaguo la kusubiri mpaka betri ikaribie kuisha, na linavutia kwa sababu mtu anaona amelipia betri, basi itumike. Mimi nakushauri uweke dakika 3 hadi 5, si zaidi. Umeme wetu una tabia mbili: ama unarudi kabla hujawasha tochi ya simu, ama unakaa. Ukipita dakika 5 haujarudi, uwezekano ni kwamba hautarudi kabla betri haijaisha, na hakuna utakachokipata kwa kuiacha NAS ikizunguka gizani. Tena kile kiasi cha betri ambacho UPS inakitangaza ni makisio. Betri mpya inashuka taratibu na makisio yanakaribia ukweli. Betri iliyochoka inaonesha asilimia 70, kisha inaporomoka ghafla mpaka kuzima bila ya kupita 20, na NAS iliyoambiwa isubiri mwisho haiuoni mwisho ukija. Lipo na la mkatiko wa pili: UPS ikishatumika sana inahitaji saa 6, 8 au zaidi kujaza betri tena. Umeme ukirudi kwa nusu saa na kuondoka tena, jambo ambalo huku si geni, raundi ya pili unaingia na betri nusu.

Na kumbuka mkatiko si lazima uwe wa mtaa mzima. Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla, ikiisha saa 9 usiku, kwa UPS ni giza lilelile. NAS inafanya kazi masaa 24, kwa hiyo yenyewe ndiyo ya kwanza kuonja kila sahau ya nyumbani.

Kuna nusu ya pili ya kazi ambayo huachwa hata na watu waliounganisha waya vizuri. Tuseme umeme umekatika, dakika 5 zimepita, NAS imejifunga na kuzima kabisa. UPS bado ina betri na inaendelea kutoa umeme. Dakika ya 20 umeme wa ukutani unarudi. NAS iliyozima haioni badiliko lolote, maana kwenye adapta yake umeme haukuwahi kuondoka. Inabaki imezima mpaka mtu aje kubonyeza kitufe, na wewe uko Micheweni kwenye harusi, mteja anasubiri kiungo cha picha zake. Dawa yake ni chaguo linaloiruhusu NAS kuiamuru UPS nayo ijizime baada ya NAS kumaliza kujifunga. Umeme wa ukutani ukirudi, UPS inafunguka, NAS inaona umeme umeingia upya, na kama umeiwekea ijiwashe yenyewe baada ya mkatiko, inaamka. Hakikisha mawili hayo yote yamewashwa. Gharama yake ni kwamba ruta iliyo kwenye UPS hiyo itazima pamoja nayo. Kama nyumbani mnaitaka intaneti wakati wa giza, zipo betri ndogo za ruta zinazotoa volti 12 moja kwa moja, mnunulie ruta yake na UPS iachwe kwa NAS.

Kisha lazima ujaribu. Mpangilio ambao haujajaribiwa usiuamini hata kidogo. Chagua saa ambayo hakuna anayenakili kitu, weka muda wa kusubiri uwe dakika 1, kisha zima swichi ya soketi ukutani. Usichomoe plagi. Soketi zetu za pini tatu zina swichi yake, na ukiizima umeme unakatika lakini waya wa erthi, ule wa usalama unaokwenda ardhini, unabaki umeunganishwa. Ukichomoa plagi unaiondoa na erthi, na vifaa vinabaki bila ya kinga hiyo. Kaa utazame. NAS italia au taa yake ibadilike, baada ya dakika itaanza kufunga huduma, diski zitanyamaza, na baada ya muda UPS yenyewe itapiga «tak» na kuzima. Subiri kidogo, rudisha swichi. UPS iwake yenyewe na NAS ifuate, bila ya mkono wako. Baadhi ya UPS hazijifungui zenyewe mpaka ubonyeze kitufe, na ni afadhali ulijue hilo leo mchana kuliko usiku wa harusi. Mwisho fungua kumbukumbu za matukio kwenye NAS: utakuta imeandika umeme umekatika saa ngapi na imejizima saa ngapi, na safari hii hakutakuwa na ujumbe wa kuzimwa vibaya wala ukaguzi. Rudisha muda kwenye dakika 3 au 5. Rudia jaribio hili kila baada ya miezi michache.

Kuhusu kompyuta ya mezani, usiione kama nimeitupa. Kuna njia mbili. Ya kwanza, inunulie UPS yake ndogo, itatosha kwa kuhifadhi kazi na kuzima. Ya pili, irudishe kwenye UPS ya NAS kwa sharti kwamba izime mapema sana, dakika 1 tu baada ya giza. NAS nyingi zinaweza kuwa wasemaji wa UPS kwenye mtandao wa nyumbani: zenyewe zinasikia kwa waya wa USB, kisha zinazitangazia kompyuta nyengine kwa programu ya Network UPS Tools, ambayo hutumia mlango wa kimtandao (si tundu la kuchomeka) namba 3493. Unaingiza anwani ya kompyuta kwenye orodha ya wanaoruhusiwa, unaweka kwenye kompyuta programu ya kusikiliza, basi. Tangazo hilo linapita kwenye ruta, kwa hiyo ruta nayo lazima iwe na umeme wakati huo. Kwa mhariri wa video mimi ningechagua ya kwanza. Ni rahisi, na haili betri ya NAS.

Kaka yako hajakosea kabisa kuhusu inveta. Kama ina betri za kutosha na inashika nyumba kwa saa nyingi, itaondoa mikatiko mingi, na hilo ni jema. Walakini inveta nyingi za nyumbani hazina namna ya kuzungumza na NAS. Siku za masika, jua limejificha siku tatu na betri imefika chini, inveta itakata bila ya kuaga, na NAS itaanguka kama ilivyoanguka juzi. Vilevile nyengine zinachelewa kidogo kuhama kutoka umeme wa shirika kwenda betri. Feni haitajua, NAS inaweza kujiwasha upya. Kwa hiyo unganisha vyote viwili: inveta iilishe UPS, UPS iilishe NAS, na ule waya uwepo. Tahadhari moja: inveta za bei ya chini zinatoa mawimbi ya umeme yenye pembe, si laini, na UPS ikiyaona inaweza kudhani umeme ni mbovu ikawa inarukia betri kila mara. Ukisikia inapiga «tak, tak» ukiwa kwenye inveta, shusha usikivu wake kama ina mpangilio huo, la sivyo fundi wa sola akuangalizie inveta. Kwa mikatiko mirefu UPS haina jibu. Unguja wanakumbuka miezi kama 3 ya giza, toka Disemba 2009 hadi Machi 2010, njia ya umeme kutoka Bara ilipoharibika. Nasi Pemba tangu 2010 tunategemea waya wa chini ya bahari kutoka Tanga. Kwa siku kama hizo ni sola au jenereta, na UPS inabaki kuwa mlinzi wa ile dakika ya kuhama.

Betri yenyewe ina adui, naye ni joto. Betri za risasi za kwenye UPS hupewa umri wa miaka 3 hadi 5 katika joto la nyuzi 25 au pungufu, na kila nyuzi 10 zikizidi, umri huo unapungua karibu nusu. Kipindi cha kaskazi, ndani ya kabati lililofungwa, UPS inayojichaji inafika huko bila ya shida. Itoe kabatini, iweke mahali penye hewa, mbali na dirisha linaloleta upepo wa chumvi, na tarajia kubadilisha betri baada ya miaka 2 hivi. Andika tarehe kwa kalamu kwenye boksi lake. Ukibadilisha, chukua ya volti na saa-ampea zilezile. Wapo wanaounga betri ya gari ili wapate muda mrefu. Nakuomba usifanye. Chaja ya UPS ndogo haikutengenezwa kwa betri kubwa hivyo, na betri ya gari inapochajiwa hutoa gesi inayoshika moto, ndani ya chumba unacholala.

Nina moja zaidi, na nalisema kwa uzito. Diski mbili zinazonakiliana si akiba. Radi moja inayoingia kwa njia ya umeme inaweza kuziua zote mbili pamoja na UPS, na ukifuta folda kwa bahati mbaya inafutika kwenye zote mbili sekunde ileile. Nunua diski ya nje, nakili humo kazi zote za wateja, uichomoe, ukaiweke kwa ndugu Wete au Mkoani, na uibadilishe kila mwezi na nyengine. Kadi za kamera usizifute mpaka harusi hiyo iwe kwenye NAS na kwenye diski ya nje. Kama mfuko unakubana, diski hii itangulie kabla ya UPS ya pili na kabla ya kitu chengine chochote.

Mengi ya haya utayafanya mwenyewe. Mwite fundi umeme mwenye leseni aje nyumbani kama ukigusa bati la NAS au kompyuta unahisi mwasho, kama taa za nyumba zinang'aa kupita kiasi kisha zinafifia, au kama UPS inawasha taa ya kasoro ya nyaya. Aipime erthi kwa kipimo, asikwambie kwa macho. Na kama kwako kuna soketi ambazo zimezoea kuchokolewa kwa kalamu kwenye tundu la juu ili plagi ya pini mbili iingie, mwoneshe hizo kwanza, na UPS usiichomeke hapo. Betri iliyovimba, au UPS inayonuka kama yai viza, izime, ichomoe ukutani, fungua madirisha, umpelekee fundi. Usiifungue wewe, kwani ndani yake hubaki umeme hata ikiwa imechomolewa. Betri ya zamani mpe fundi au muuzaji anayepokea betri chakavu, usiitupe jaani, ina risasi na tindikali.

Kama lile tundu la mraba halitaitikia, niandikie modeli ya UPS kama ilivyo kwenye kibandiko cha chini, pamoja na modeli ya NAS. Nitakwambia kama zinaelewana kabla hujatoa shilingi.